Kikao Kikiisha, Kinabaki Nini?

Wakalishe watu wa mtaa wowote chini, waulize wanautakia nini mtaa wao, na majibu yatafanana mno. Watataka njia ya miguu isiyo na maji machafu, taa za usiku, miti, mahali pa watoto kuchezea, maduka chini na nyumba juu. Mipango ya kuendeleza upya mitaa ya Marekani, Japani na Nairobi ukiifuta majina ya barabara, kurasa nyingi zingeweza kubadilishana nafasi na msomaji asishtuke. Ndiyo maana sina haraka ya kusifia "mawazo ya wananchi" kama wanavyofanya maofisa mipango wanapofungua warsha. Mawazo hayajawahi kuwa haba. Mimi hutazama kile ambacho watu wa mtaa wamebaki nacho mkononi baada ya viti kurudishwa vilikoazimwa.

Columbia Pike ni barabara inayokata kusini mwa kaunti ya Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Kama vitongoji vingi vya Marekani, ilikulia katika mazoea ya kutenganisha mambo. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, iliridhia mamlaka za miji kuamua kwamba hapa ni makazi, pale biashara, kule viwanda. Matokeo yake ni mitaa ambayo hata mkate hufuatwa kwa gari. Jane Jacobs alipoandika mwaka 1961 kwamba mtaa hai ni ule wenye mchanganyiko wa shughuli, alikuwa anatetea kitu ambacho mpishi wa chapati wa soko la Gikomba, Nairobi, hakuhitaji kufundishwa, lakini kwa wapangaji wa miji wa Marekani ilikuwa habari ya kuudhi.

Mwaka 2002 kaunti ya Arlington iliwaita wasanifu waongoze warsha ya kuchora. Utaratibu wake unajulikana sasa dunia nzima. Wasanifu huhamia mtaani na meza zao kwa takriban wiki moja, wakazi huketi kwa makundi kuzunguka ramani, kalamu mkononi, kila kundi likionyesha linachotaka. Usiku wasanifu huchora. Kesho yake wakazi hurudi kukosoa, na mchoro hurekebishwa mpaka siku ya mwisho unapobandikwa ukutani. Waliousambaza zaidi mtindo huu ni kina Andrés Duany na Elizabeth Plater-Zyberk, wasanifu wa mji wa Seaside, Florida. Oktoba 2005, baada ya kimbunga Katrina, Duany alikusanya wataalamu Biloxi wakaichorea miji 11 ya pwani ya Mississippi katika muda wa wiki moja tu.

Mtindo huu una nguvu ambayo wakosoaji wake hawaitendei haki. Mchoro humaliza ubishi ambao maneno huuchochea. Mtu anayeapa kwamba ghorofa nne zitamzibia jua, akionyeshwa zimechorwa kando ya barabara anayoijua, zikiwa na kivuli na baraza la duka, mara nyingi hupunguza sauti. Kule Columbia Pike michoro ile iligeuzwa kanuni ya ujenzi mapema mwaka 2003. Badala ya kuuliza jengo litatumika kwa nini, kanuni hiyo iliuliza litakaaje: lisogee hadi ukingo wa njia ya miguu, maduka yawe chini, maegesho yajifiche nyuma. Mjenzi aliyekubali kuifuata aliahidiwa kibali bila kuzungushwa. Kilichobaki baada ya kikao, basi, kilikuwa karatasi yenye nguvu ya sheria. Si haba.

Ila kodi ya nyumba haichoreki. Nyuma ya maduka ya Columbia Pike kulikuwa na majengo ya zamani ya matofali yaliyokaliwa na watu wa kipato kidogo, wengi wao wahamiaji kutoka El Salvador, Bolivia na Ethiopia. Jinsi barabara ilivyopendeza ndivyo ardhi chini ya majengo hayo ilivyopanda bei. Kanuni ya pili, iliyoingia katika maeneo hayo ya makazi na kudai sehemu ya nyumba zibaki na kodi nafuu, ilipitishwa mwaka 2013. Miaka kumi ni mingi kwa mpangaji. Na hata bila kuisema Arlington peke yake, warsha ya wiki moja huvuta watu wa aina fulani: wenye jioni huru, wenye nyumba zao, wenye ufasaha wa lugha ya kikao.

Mano ni kitu kingine kabisa. Ni mtaa wa hekta kama 40 katika wilaya ya Nagata, mjini Kobe, Japani, ambako viwanda vidogo na nyumba za mbao vilibanana ukuta kwa ukuta. Mchanganyiko ambao Wamarekani walikuwa wanauota, watu wa Mano walikuwa nao mpaka vifuani, kwa njia ya moshi. Miaka ya 1960 walianza kupigana na viwanda vilivyowachafulia hewa. Ardhi iliyoachwa na viwanda vilivyohama ikageuzwa bustani ndogo. Baadaye wakaanza kuwatunza wazee, kwa sababu vijana walikuwa wanahama. Ni baada ya miaka zaidi ya kumi ya kazi hizo ndipo walipoketi kuupangia mtaa wote mustakabali wa miaka 20, na pendekezo lao likatoka mwaka 1980. Kwa Kijapani mtindo huu wanauita machizukuri, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuukamilisha kwa wiki moja.

Jambo la kushangaza ni kwamba hawakuomba viwanda vyote viondoke. Viwanda ndivyo vilivyowaajiri. Walikubaliana sehemu gani ya mtaa ielekee makazi na sehemu gani iendelee kuchanganya nyumba na karakana, na vichochoro gani vipanuliwe kidogo kidogo kadiri majengo yanavyojengwa upya. Kobe ilitunga sheria ndogo ya machizukuri mwaka 1981, na mwaka uliofuata Mano ikatiliana mapatano na jiji. Tangu hapo anayetaka kujenga Mano hupeleka mpango wake pia mbele ya baraza la wakazi. Baraza hilo ndilo lililobaki baada ya kikao, maana kikao chenyewe hakikuisha.

Thamani yake ilionekana alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko lililoua watu zaidi ya 6,400 lilipoipiga Kobe. Sehemu kubwa ya Nagata iliteketea. Mano wakazi walipanga foleni za ndoo, wafanyakazi wa zimamoto wa kiwanda cha jirani wakaja na mipira ya maji, na moto ukazuiwa usiule mtaa. Kiwanda hicho ni cha wale wale waliokuwa wakikaa nao mezani kuzungumzia mipaka na kelele. Hakuna mchoro uliowaambia wafanye hivyo. Walikuwa wanajuana kwa majina.

Kwingineko mjini, jiji lilipitisha mipango ya kujenga upya miezi miwili kamili baada ya tetemeko, wakati walioathirika wengi bado wanalala katika kumbi za shule. Ghadhabu ilikuwa kubwa kiasi kwamba jiji lililazimika kuahidi kwamba mambo ya ndani ya kila mtaa yataamuliwa baadaye pamoja na mabaraza ya wakazi, na mabaraza hayo yakaota kwa makumi. Kusini mwa stesheni ya Shin-Nagata, si mbali na Mano, yalisimamishwa majengo marefu ya maduka na makazi. Maduka mengi yalikosa wateja. Mwaka 2009 ikawekwa sanamu kubwa ya roboti wa katuni kuvuta wageni, na wageni wanakuja kweli, wanapiga picha. Kama wananunua samaki ni hadithi nyingine.

Wanaopenda kupima ushirikishwaji hutumia ngazi ya Sherry Arnstein ya mwaka 1969, yenye vipago vinane, kutoka kuwahadaa wananchi hadi wananchi kushika usukani. Ni kipimo kizuri cha nani ana kauli ndani ya chumba. Hakisemi lolote kuhusu nani atakuwa na kauli miaka 15 baadaye, chumba kikiwa kimefungwa na ofisa aliyekiitisha amestaafu.

Mano haikujengwa juu ya tupu. Ilisimama juu ya vyama vya ujirani ambavyo Japani ilikuwa navyo zamani, na historia ya vyama hivyo haipendezi. Mwaka 1940 serikali ya vita ilizigawa kaya za nchi nzima katika vikundi vya jirani vya kaya chache chache, kugawa chakula na pia kuchungulia nani anasema nini. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tanzania ilikuwa na balozi wa nyumba kumi, aliyejua wageni wako kabla hujawapikia chai. Kenya ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa sababu za usalama. Vyote hivi ni vyombo vilivyobuniwa kutazama raia kutoka juu.

Sasa njoo Mukuru. Eneo la viwanda la Nairobi limezungukwa na vijiji vya mabati: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben, Viwandani. Ni kaya zipatazo 100,000 kwenye ardhi ambayo kubwa yake iligawiwa watu binafsi na kampuni miaka ya 1980 na 1990, wengine wakaitumia kuchukulia mikopo benki bila kujenga chochote. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalumu. Mashirika zaidi ya 40 yakagawana kazi kwa mada: maji, afya, elimu, nyumba, sheria ya ardhi na kadhalika. Upande wa wakazi uliongozwa na Muungano wa Wanavijiji, uliokuwa na uzoefu wa miaka 20 wa kupinga bomoabomoa.

Namna walivyowapanga watu ndiyo iliyonivutia. Kaya kumi zilifanya kundi na kuchagua mwakilishi, makundi kumi yakakutana, na kuendelea juu hivyo hivyo. Nyumba kumi zile zile, safari hii zikihesabu maji kutoka chini. Kabla ya kuulizwa wanaota nini, watu walihesabiwa: nani anaishi wapi, choo kimoja kinatumiwa na wangapi, ndoo ya maji inauzwa kiasi gani. Ikaonekana wazi kwamba mkazi wa Mukuru analipia lita ya maji bei kubwa kuliko tajiri mwenye bomba. Upana wa barabara nao ulijadiliwa upya, maana vipimo vya kawaida vya mpango miji vingefagia nyumba nyingi mno. Hapa kilichobaki ni hesabu, na hesabu ni silaha kwa mtu ambaye serikali ilikuwa inamwambia hayupo.

Silaha hiyo ilifanya kazi nusu. Barabara za lami na mabomba ya majitaka vilianza kuingia. Halafu, mwishoni mwa mwaka 2021, matingatinga yalifika Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na makumi ya maelfu ya watu wakakosa pa kulala, ndani ya eneo lile lile la mipango maalumu. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 yakaja mengine kando ya mto. Orodha ya wakazi haikuyasimamisha matingatinga kwa sababu haikuwa sheria kama ya Arlington. Na tofauti na Mano, hakukuwa na mapatano yaliyomlazimu mwenye tingatinga kupita kwanza mbele ya baraza.

Ningelazimishwa kuchagua, ningechukua baraza la Mano kabla ya mchoro wa Arlington, ingawa najua baraza huzeeka pamoja na wajumbe wake, na la Mano limezeeka. Lakini Mukuru ina mzigo ambao Mano haikuubeba kwa uzito huo: wengi sana wa wakazi wake ni wapangaji, na wenye mabanda hukaa nao kwenye vikao vile vile, katika kundi moja la kaya kumi, wakiomba lami ile ile. Lami ikifika, mwenye banda hupandisha kodi. Columbia Pike ilichukua miaka kumi kuliandika jambo hilo kwenye kanuni. Mukuru bado halijaandikwa.