Mwezi Mmoja, Hesabu Tatu

Kivumishi “lunar” cha Kiingereza ni cha mwezi wa angani tu. La kalenda hutafutiwa neno jengine. Mromania hutumia kivumishi hicho hicho kwa yote mawili, maana kwake “lună” ni mwezi wa juu na mwezi wa kuhesabia siku, tena hukipatanisha na nomino yake: “lunar”, “lunară”, “lunari”, “lunare”. Kilatini, mzazi wa lugha hiyo, kilitenganisha “luna” na “mensis”.

Tarime, mkoani Mara, Mromania asingejiona mgeni. Kabla ya Rorya kumegwa mwaka 2007, wilaya hiyo moja ilikuwa na Wakurya pamoja na Wajaluo wengi, ambao neno lao “dwe” nalo hubeba miezi yote miwili. Sokoni huko, na Mugumu wilayani Serengeti walipo Waikoma na Wangoreme, lugha ya kukutania ni Kiswahili, kisicho na kivumishi cha namna hiyo hata kimoja. Kina -a ya uhusiano, inayofuata ngeli: nuru ya mwezi, kodi ya mwezi. Sarufi ni moja. Anayelipa kodi ndiye ajuaye tofauti. Wanaouita huo umaskini wa lugha wamekosea, ila uficho upo.

Uficho huo ulikuwa na gharama. Miaka ya 1930, machimbo ya dhahabu ya Musoma yalipohitaji vibarua, Tanganyika ilikwisha kuzoea mwezi wa tatu: mwezi wa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ya homa au ya msiba haikutiwa alama, na mshahara ulingoja kadi ijae. Mwezi wa angani hurudi baada ya siku 29 na nusu, wala hauchelewi. Wa kadi uliweza kuvuka siku 40 ukiitwa mwezi vile vile.

Pwani, kwa ajili ya saumu na sikukuu, tofauti ilitafutiwa neno mapema. Mwezi huandama, na kwa kitenzi hicho likapatikana “mwezi mwandamo”, ambalo halimkanganyi yeyote na siku ya mshahara. Kibarua hakupata neno lake. Akiulizwa amekaa kambini miezi mingapi, akajibu “miwili”, msikilizaji alibaki kukisia ni miezi ya nani.