Mgambo na mpaka wa Kigoma

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi wajilinde wenyewe, na Mei 1975 Kigoma ilionyesha kwa nini: watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Kongo, wakateka wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford na msaidizi mmoja Mholanzi pale kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe. Mwaka huohuo sheria ilimpa mgambo mamlaka ya kukamata. Kulinda mwalo kunamfaa. Kuamua nani ni raia hakumfai hata kidogo. Wamanyema wa Ujiji wana asili ya Kongo, Kiha na Kirundi vinasikilizana, na mtu anayesimamishwa njiani Mwanga, mjini Kigoma, hatambuliki kwa sura wala lafudhi. Wapo watakaosema mgambo anawajua majirani kuliko ofisa uhamiaji. Ni kweli, na ushahidi wake usikilizwe. Lakini jirani huyohuyo huenda ana ugomvi wa shamba na mshukiwa. Operesheni Kimbunga ya 2013, msako wa wahamiaji haramu uliopita Kagera, Geita na Kigoma, uliwaondoa hata watu walioishi nchini miaka mingi, ukatenganisha wazazi na watoto. Mgambo abaki mwaloni. Uraia uamuliwe na uhamiaji na mahakama.