Albamu bora ya KMRU ni ipi? Mjadala wa mashabiki na thamani ya sauti za nyumbani

MASHABIKI wa muziki hawakosi la kubishania, na ubishi usioisha ni ule wa albamu: ipi inashinda nyingine miongoni mwa kazi za msanii mmoja? Kwa mwanamuziki wa benga au wa taarab, suala hili huamuliwa upesi kwa kuhesabu nyimbo zilizovuma. Lakini msanii ambaye kazi zake hazina kibwagizo, hazina mashairi na mara nyingi hazina hata mdundo, wapenzi wake watampima kwa mizani gani?

Swali hilo linamhusu Joseph Kamaru, Mkenya aliyezaliwa jijini Nairobi mwaka wa 1997 na ambaye ulimwengu unamfahamu kwa herufi nne tu: KMRU. Msanii huyu hutembea na kinasa sauti, akinasa mvua, ndege, magari, minong'ono ya watu na mvumo wa nyaya za umeme. Kisha huzichanganya sauti hizo na ala za kielektroniki, akazinyoosha na kuzipanga hadi zikawa muziki unaokwenda taratibu, wakati mwingine kwa dakika ishirini au zaidi bila kukatika.

Wakazi wa ukanda wa Barabara ya Thika, kuanzia Kahawa hadi Ruiru, Gatongora na Thika kwenyewe, wana sababu ya kuufuatilia mjadala huu kwa karibu. KMRU alisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho bewa lake kuu liko Kahawa, kando ya barabara hiyo. Baadaye alielekea Berlin, Ujerumani, kusomea shahada ya uzamili kuhusu taaluma ya sauti. Hata hivyo, sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba muziki wake unauliza swali linalowagusa moja kwa moja: mahali panapobadilika, nani huzihifadhi sauti zake?

Jina la babu

Wasomaji wa umri mkubwa watakuwa wamelitambua jina hilo. Joseph Kamaru mwingine, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, mwaka wa 1939, alikuwa miongoni mwa waimbaji mashuhuri mno wa nyimbo za Kikuyu nchini. Alikosoa tabia za jamii na za watawala, na mwaka wa 1975, baada ya mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, aliimba kumwomboleza wakati wengi waliogopa hata kulitaja jina la marehemu. Katika miaka ya 1990 aligeukia nyimbo za injili. Aliaga dunia Oktoba 2018.

KMRU ni mjukuu wake, na alipewa jina hilo kwa desturi ya Agikuyu ya mtoto kurithi jina la babu. Mbali na kazi zake mwenyewe, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kwa njia ya intaneti ili zisipotee pamoja na santuri na kanda zilizozibeba. Jambo hili halina budi kukumbukwa na yeyote anayetaka kuamua albamu ipi ni bora. Mjukuu huyu ni mtunzi, lakini vilevile ni mlinzi wa hifadhi.

Ubishi wenye historia

Kubishania kazi za wanamuziki wanaovunja kanuni si jambo geni. Wapenzi wa jazz wamefanya hivyo kwa zaidi ya nusu karne. John Coltrane alirekodi A Love Supreme mwishoni mwa 1964, na takriban miezi sita baadaye akarekodi Ascension, ambamo wanamuziki 11 wanapiga kwa pamoja kwa kishindo kisichojali sauti tamu. Hadi leo wapo wanaosema ya kwanza ndiyo kilele chake, na wapo wanaoshikilia kwamba bila ya pili, Coltrane hakukamilika.

Mfano mwingine una harufu ya Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock aliongoza kundi ambalo wanachama wake walijipa majina ya Kiswahili. Yeye alikuwa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart Jabali, Bennie Maupin Mwile, Julian Priester Pepo Mtoto, naye Eddie Henderson, ambaye kwa kweli alikuwa daktari, akaitwa Mganga. Walitoa albamu tatu: Mwandishi (1971), Crossings (1972) na Sextant (1973). Hazikuuzwa sana. Mwaka huo huo wa 1973 Hancock alibadili mkondo na kutoa Head Hunters, iliyonunuliwa kwa zaidi ya nakala milioni moja. Hata hivyo, wapenzi wa muziki wa majaribio hurejea kwa zile tatu, wakibishana ipi ilithubutu zaidi.

Funzo ni kwamba katika muziki wa aina hii mauzo hayaamui lolote. Kinachobishaniwa hasa ni sikio la msikilizaji linatafuta nini. Ndivyo ilivyo pia kwa KMRU, ijapokuwa yeye si mwanajazz.

Wanaoshikilia Peel

Kambi ya kwanza ni ya Peel, iliyotolewa mwaka wa 2020 na kampuni ya Editions Mego ya Vienna, Austria. Ilitoka wakati dunia ilipokuwa imejifungia majumbani kwa sababu ya janga la korona, na wasikilizaji wengi waliona kwamba utulivu wake uliafikiana na ukimya wa barabara za wakati huo. Sauti zinaingia polepole kama ukungu wa asubuhi, na kipande cha mwisho, chenye jina la albamu yenyewe, kinazidi dakika ishirini.

Hoja ya kambi hii ni nyepesi kueleweka. Peel ndiyo iliyomfungulia KMRU milango ya kimataifa, na ndiyo inayompokea vyema msikilizaji mgeni. Mwenye kampuni hiyo, Peter Rehberg, alifariki Julai 2021, na KMRU alirejea katika Editions Mego kwa albamu ya Kin mwaka wa 2025. Wanaoipinga kambi hii hujibu kwamba uzuri wa Peel ndio udhaifu wake: mtu anaweza kuiacha ikicheza huku akipika au akisinzia, asisikilize chochote.

Wanaopenda ujasiri

Kambi ya pili huitazama Natur, iliyotolewa na kampuni ya Touch ya Uingereza mwaka wa 2024. Hiki ni kipande kimoja tu cha zaidi ya dakika 50. Humo KMRU alitumia vifaa vinavyogeuza mawimbi ya sumakuumeme kuwa sauti. Mawimbi hayo hutoka katika simu, taa, mitambo na nyaya, na sikio la binadamu haliwezi kuyanasa lenyewe. Kazi hiyo ilichochewa na tofauti aliyoihisi baina ya Nairobi yenye makelele na Berlin iliyo tulivu kiasi cha kumfanya atafute sauti zilizojificha.

Natur haibembelezi mtu. Inanguruma, inakwaruza, kisha inanyamaza ghafla. Wanaoipenda huiweka pamoja na Limen (2022), ambayo KMRU aliitengeneza na Aho Ssan wa Ufaransa, na Dissolution Grip (2023), albamu iliyozindua kampuni yake mwenyewe, OFNOT. Katika Dissolution Grip alifanya jambo la ajabu: alichukua michoro ya mawimbi ya sauti alizozinasa, akaitumia kama nota za muziki, huku sauti zenyewe akiziacha nje. Msikilizaji anasikia umbo la mahali bila kupasikia mahali penyewe.

Wanaotafuta nyumbani

Kambi ya tatu ni ya Logue, iliyotolewa mwaka wa 2021, ambayo ni mkusanyiko wa vipande alivyovitunga kati ya 2017 na 2019 kabla ya kupata umaarufu. Kwa wahakiki wengi wa ng'ambo hii ni kazi ya ujana. Lakini msikilizaji wa Afrika Mashariki huisikia tofauti. Kipande cha Jinja Encounters, kwa mfano, kinatupeleka Jinja, Uganda, mji ulio penye chanzo cha Mto Nile. Kwa msikilizaji wa Ulaya hizo ni sauti za mbali. Kwa aliyekulia huku, ni sauti za kwao.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya orodha za albamu bora zinazoandikwa ughaibuni zisitoshe. Sauti ile ile hubeba kumbukumbu kwa mmoja na hubaki pambo kwa mwingine.

Hoja ya hifadhi

Kambi ya nne ni ndogo, lakini hoja yake ni nzito kupita zote. Hawa huitaja Temporary Stored ya mwaka wa 2022, jina ambalo maana yake ni kitu kilichowekwa ghalani kwa muda. KMRU aliitunga kwa kutumia rekodi zilizo katika hifadhi ya Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Makumbusho hayo yalitokana na maonyesho ya Mfalme Leopold II ya mwaka wa 1897, ambapo Wakongo waliletwa na kuonyeshwa kwa umma kama vitu, na saba kati yao wakafia huko.

Sauti za waimbaji na wapiga ala wa Kiafrika zilinaswa na watafiti, zikapelekwa mbali, zikawekwa katika rafu. Wengi wa wajukuu wa waimbaji hao hawajawahi kuzisikia. KMRU alizichukua na kuzichanganya na sauti zake, zikawa zinatokea na kutoweka kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Baadaye aliwashirikisha wasanii wengine kuuendeleza mradi huo, akiwemo Mkenya mwenzake Nyokabi Kariũki.

Hapa ndipo jina la babu linaporudi. Kijana anayezikusanya nyimbo za Kamaru mzee ili zibaki mikononi mwa wenyewe ndiye huyo huyo anayeuliza kwa nini sauti za Afrika zikae Ubelgiji. Kwa mtazamo huo, Temporary Stored ndiyo albamu inayoiunganisha kazi yake yote.

'Hizi ni kelele tu'

Wapo, na ni wengi, wasiotaka kujiunga na kambi yoyote. Wao husema muziki usiochezeka wala kuimbika si muziki, na kwamba mvumo wa transfoma hauhitaji kununuliwa ilhali uko bure kila mtaa. Pingamizi hili halifai kupuuzwa. Muziki wa kwetu umekuwa wa kushirikiana katika ngoma, harusi na matanga, na si wa kukaa peke yako na vidude masikioni.

Lakini jibu lipo. Mfugaji humtambua mnyama wake kwa mlio, na mkulima huisikia mvua kabla haijafika. Kusikiliza mazingira ni maarifa ya kale, ila tulikuwa hatujayaita sanaa. Alichofanya KMRU ni kuyapa maarifa hayo jukwaa.

Kipimo cha Gatongora

Chukua Gatongora, wadi iliyo katika eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kulingana na sensa, mji wa Ruiru ulikuwa na takriban watu 239,000 mwaka wa 2009. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa zaidi ya 490,000, yaani idadi ilizidi maradufu katika mwongo mmoja. Barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa ilizinduliwa rasmi mwaka wa 2012, na sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa ya eneo hilo imegeuka kuwa mitaa ya makazi.

Picha za mashamba hayo zipo, na hati za ardhi zipo. Lakini ni nani aliyenasa sauti za wachumaji wakiitana baina ya mistari ya mikahawa, au za mashine ya kumenya buni zikisikika usiku wa msimu wa mavuno? Mtoto anayekua leo katika nyumba ya ghorofa iliyosimama mahali pa shamba hilo hatazisikia, na hakuna makumbusho, ya hapa au ya Ubelgiji, atakakoweza kwenda kuzidai.

Hicho ndicho kipimo ambacho makala haya yanapendekeza kwa mashabiki. Albamu bora ya KMRU ni ile inayomfanya msikilizaji aivue mashine masikioni na kuanza kupasikiliza alipo. Kwa kipimo hicho, Peel ni mlango mzuri wa kuingilia, Natur ndiyo yenye ujasiri mkubwa, lakini Temporary Stored ndiyo inayostahili nafasi ya kwanza, kwa kuwa inatukumbusha kwamba sauti isiyotunzwa na mwenyewe hutunzwa na mgeni, au hupotea kabisa.

Msikilizaji mgeni anaweza kufuata utaratibu huu: aanze na Logue kwa sababu ya ukaribu wake na nyumbani, aendelee na Peel usiku kukiwa kimya, kisha Temporary Stored akiwa ametulia, na Natur mwisho, sikio likiwa limezoea. Baada ya hapo ana haki kamili ya kuupinga uamuzi huu. Aidha, simu nyingi za siku hizi zina kinasa sauti. Kwa mkazi wa Gatongora mwenye shamba la jirani ambalo bado halijakatwa viwanja, huenda ubishi ukasubiri kidogo, kunasa kwanza.