Yakobo, Yakubu na James: Jina Moja, Sura Tatu

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, suala la majina ya watu halijapewa nafasi linayostahili. Wengi wetu huamini kwamba jina la mtu halifasiriwi, na kwa hiyo halina shida. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Yapo majina ambayo yamesafiri kutoka lugha hadi lugha kwa muda wa maelfu ya miaka, yakabadilika sura njiani, na hatimaye yakatufikia sisi kwa njia zaidi ya moja. Katika makala haya tutalichunguza mojawapo, nalo ni jina la Kiebrania ambalo Wayahudi hulitamka Yaakov. Katika Kiswahili jina hili tunalo kwa sura tatu: Yakubu, Yakobo na James. Mfasiri anayezichanganya sura hizo hupotosha historia. Karani anayezichanganya aweza kumnyima mtu haki yake.

Tuanze na asili. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, chasimulia kuzaliwa kwa pacha wawili wa Isaka na Rebeka. Wa kwanza, Esau, alipotoka, wa pili alitoka akiwa amemshika ndugu yake kisigino. Kwa Kiebrania kisigino ni akev, na msimulizi alihusisha jina la mtoto na neno hilo. Katika sura ya 27 Esau mwenyewe analipa jina lile maana ya pili, yaani mtu anayemwandama mwenzake kwa nyuma na kumpokonya nafasi yake kwa hila. Msomaji wa Afrika Mashariki hapati taabu kuielewa desturi hii ya kumwita mtoto kwa tukio la kuzaliwa kwake, kwani nasi tunao akina Mashaka, Tabu na Masika.

Hata hivyo, wataalamu wa lugha za Kisemiti wanayo maelezo mengine. Wengi wao huona kwamba Yaakov ni kifupisho cha jina refu zaidi, lenye maana ya "Mungu na alinde". Majina ya muundo huo yameonekana katika maandishi ya Waamori wa Mesopotamia ya mwanzoni mwa milenia ya pili kabla ya Kristo. Na mihuri ya Misri ya zama za watawala Wahiksosi inalo jina la mtawala linalosomwa Yakub-Har. Maelezo haya mawili hayana haja ya kugombana. Moja latueleza jinsi jina lilivyoundwa, jingine latueleza jinsi wenye lugha walivyolisikia baadaye. Mwanafunzi wa istilahi anapaswa kuyatenganisha mambo hayo mawili siku zote, maana asili ya neno na maana ambayo watu wamelipa si kitu kimoja.

Sasa tuzitazame safari za jina lenyewe. Wayahudi walipoyafasiri maandiko yao kwa Kiyunani, katika karne za mwisho kabla ya Kristo, walimwita babu yao Iakob, bila kuongeza chochote. Lakini waandishi wa Agano Jipya, walipowataja watu wa zama zao wenye jina lile lile, waliongeza mwisho wa Kiyunani na kuandika Iakobos. Kilatini kikapata Iacob na Iacobus. Katika Kilatini cha mitaani b ikageuka m, jina likawa Iacomus. Kutoka hapo Waitalia wakapata Giacomo, na Kifaransa cha kale kikapata James, sura ambayo Waingereza waliichukua. Wahispania nao waliunganisha neno la utakatifu na jina, wakapata Santiago. Ndiyo sababu Biblia ya Kiingereza ina Jacob katika Agano la Kale na James, mtume, katika Agano Jipya, na wasomaji wengi wa lugha hiyo hawatambui kwamba ni jina moja. Biblia ya Kiswahili haikufuata njia hiyo. Wafasiri wake walitumia Yakobo katika Agano la Kale na Jipya, na kwa kufanya hivyo walikuwa karibu zaidi na asili kuliko Waingereza.

Kwa upande wa Kiarabu jina lilibaki Yaaqub. Nabii huyu, baba wa Nabii Yusufu, anatajwa katika Kurani, na kisa cha huzuni yake kwa mwanawe aliyepotea kilijulikana pwani yetu tangu kale, hata kikasimuliwa katika tenzi. Waswahili wakamwita Yakubu au Yaakubu. Irabu maradufu katika Yaakubu si kosa la tahajia. Ni jitihada ya kuihifadhi herufi ya Kiarabu iitwayo ain, ambayo Kiswahili hakina sauti yake, kama tunavyofanya katika taarifa na maalumu. Kwa hiyo Yakubu ni sura kongwe katika lugha yetu. Yakobo ilienea kwa tafsiri za Biblia za karne ya 19, na James ililetwa na shule na ofisi za wakati wa utawala wa Waingereza.

Zipo pia sura zilizozaliwa na maandishi tu. Mjerumani huandika Jakob na kutamka Yakob. Mtu akinakili herufi bila kuisikiliza sauti, hupata Jakobo, jina ambalo j yake Mjerumani mwenyewe hakuitamka kamwe. Basi ni hatari kuamini macho peke yake. Hatari nyingine ni jina Jack, ambalo kwa sura linafanana mno na Jacques la Kifaransa. Jacques ni Yakobo, lakini Jack katika Kiingereza ni jina la mkato la John, yaani Yohana.

Kuenea kwa jina hili hakukutokana na dini peke yake. Huko Uskoti wafalme watano walioitwa James walifuatana tangu 1406 hadi 1542. Wa sita alirithi pia kiti cha Uingereza mwaka 1603, na kwa amri yake ikatolewa tafsiri mashuhuri ya Biblia ya 1611. Kwa Marekani, marais sita wameitwa James. Kumbukumbu za serikali ya nchi hiyo zaonyesha kwamba James liliongoza majina ya watoto wa kiume tangu 1940 hadi 1952, na Jacob likaongoza tangu 1999 hadi 2012. Wazazi wa vizazi viwili, kila kimoja kikitafuta kilicho kizuri, waliwapa watoto wao jina lile lile wakidhani ni mawili.

Jambo hili lina uzito kwa mwalimu wa historia, kwa sababu jina hili limezaa istilahi. Waingereza waliobaki na utii kwa Mfalme James wa Pili baada ya kuondolewa kwake mwaka 1688 waliitwa kwa jina lake la Kilatini. Nao walikuwa watetezi wa ufalme. Wajakobini wa Mapinduzi ya Ufaransa walikuwa kinyume chao kabisa: waliitwa hivyo kwa sababu chama chao kilikutana katika nyumba ya watawa Wadominiko wa Paris, ambao jina lao la utani lilitokana na mtaa wa Mtakatifu Yakobo. Wapo tena Wakristo wa Shamu walioitwa kwa jina la Askofu Yakobo Baradeo, aliyefariki mwaka 578. Mfasiri akiyaita makundi yote matatu "Wayakobo", mwanafunzi wake atadhani mfuasi wa mfalme na mpinzani wa mfalme ni watu wa chama kimoja. Sisi twaona yafaa kusema wafuasi wa James, Wajakobini, na Wayakobo wa Shamu.

Yapo na makosa ya kumhukumu mtu kwa sura ya jina lake. Yakubu Gowon, aliyeiongoza Nigeria tangu 1966 hadi 1975, alizaliwa na wazazi Wakristo. Sura ya jina lake yatokana na lugha ya mahali, wala si ushahidi wa dini. Kadhalika mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa vitabu vyake vya mwanzo, kama Weep Not, Child cha 1964, kwa jina la James Ngugi, kisha akaliacha jina la ubatizo. Mkutubi hana ruhusa ya kulifuta jina la kwanza katika jalada la zamani, wala kulirudisha katika vitabu vya baadaye. Kazi yake ni kuyaunganisha majina mawili katika orodha ili msomaji ajue kwamba mwandishi ni mmoja.

Kutokana na hayo, twapendekeza mambo matatu. Kwanza, watu wa maandiko matakatifu waitwe kwa sura iliyokwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha waumini wenyewe: Yakobo katika matini ya Kikristo, Yakubu katika matini ya Kiislamu. Pili, watu wa historia ya nchi nyingine waachiwe sura ya nchi yao, kwa hiyo tuseme Mfalme James, na mji wa Santiago ubaki Santiago. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, mtu aliye hai aandikwe kama yeye mwenyewe anavyojiandika. Karani anayemwandika James mtu ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina Yakobo, kwa kudhani kwamba anamsaidia, amezaa watu wawili katika majalada. Siku ya kudai mirathi au kiinua mgongo, mzee huyo ndiye atakayetakiwa kuapa mbele ya hakimu kwamba wao ni mtu mmoja.

Tungefurahi kama wasomaji wetu, hasa walimu na makarani wa uandikishaji, wangeyatazama kwa jicho hili hili majina mengine yaliyosafiri namna hii, kama vile Yohana na Yahya, au Yusufu na Yosefu, ili taratibu tupate mwongozo mmoja utakaotumika katika ofisi zetu zote.