Historia ya Kupunguza Picha katika Slaidi za Kompyuta

Programu ya PowerPoint, iliyobuniwa na Robert Gaskins na Dennis Austin wa kampuni ya Forethought huko California, ilipotolewa mwezi Aprili 1987 ilitumika kwenye kompyuta za Macintosh pekee, na kurasa zake za rangi nyeusi na nyeupe zilihamishiwa kwenye karatasi angavu za plastiki ili zimulikwe ukutani. Uzito wa picha haukumsumbua mhadhiri wa wakati huo, kwa kuwa alichokwenda nacho ukumbini kilikuwa plastiki au, kuanzia toleo la 1988, slaidi za filamu ya milimita 35.

Mambo yaligeuka kompyuta ilipoanza kuunganishwa moja kwa moja na projekta, kama Gaskins alivyoonyesha katika Hoteli Regina jijini Paris mnamo Februari 1992, kwani tangu hapo faili lenyewe ndilo lililobeba kila picha. Projekta yenye pikseli, yaani nukta za rangi zinazounda picha, 1024 kwa 768 haifikishi nukta laki nane, ilhali picha ya kamera ya pikseli 4000 kwa 3000 ina nukta milioni 12, ambazo sehemu kubwa yake ukuta hauwezi kuzionyesha.

Ili kupunguza nukta hizo za ziada, toleo la PowerPoint la 2007 liliweka viwango vya pikseli 220 kwa kila inchi kwa uchapaji, 150 kwa skrini na 96 kwa barua pepe, na kile cha 220 kilitumika chenyewe faili lilipohifadhiwa. Picha hiyo ya nukta milioni 12, ikiwekwa kwenye slaidi kwa upana wa inchi tano, hubakiwa na pikseli 1100 kwa 825, chini ya moja katika kila kumi na tatu.

Kwa picha ya mandhari hasara hiyo haionekani. Kwa hati ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo herufi za b na t hutofautishwa kwa idadi na mahali pa nukta tu, ni hasara kubwa, kwani katika kiwango cha 96 nukta za mwandishi huweza kuyeyuka ndani ya karatasi. Matoleo ya baadaye yana kisanduku cha kukataza upunguzaji huo, lakini kimo ndani kabisa ya mipangilio, na anayekigundua baada ya kuhifadhi hana budi kuirudia picha ya awali, ikiwa bado ipo.