Vita vya Ghuba vya mwaka 1991

Vita vya Ghuba vilitokana na majeshi ya Iraq, chini ya Rais Saddam Hussein, kuivamia Kuwait Agosti 2, 1990. Novemba 29 mwaka huo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha matumizi ya nguvu kwa kura 12, zikiwamo za Ethiopia na Zaire. Cuba na Yemen zilipinga. China ilijizuia kupiga kura.

Muungano ulioongozwa na Marekani, Oman ikiwamo, ulianza mashambulizi ya anga Januari 17, 1991. Mapigano ya nchi kavu jangwani yalianza Februari 24, yakadumu takriban saa 100 tu. Kuwait ilikombolewa, lakini Saddam alibaki madarakani, huku raia wa Iraq wakiumizwa na vikwazo hadi mwaka 2003.