Malori ya Njia ya Zambia

Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikosa mafuta yaliyokuwa yakipitia huko. Malori yakaanza kuyabeba kwa mapipa kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, na kurudi na shaba. Barabara ilikuwa ya vumbi. Mvua zikinyesha, tope tupu. Ikabandikwa jina la Njia ya Jehanamu, wala hapakutiwa chumvi. Safari ilitaka maandalizi: breki, koleo, mnyororo, maji ya rejeta, na gogo la utingo kuwekea gurudumu lori likishindwa mlima Kitonga. Huko juu, Mafinga na Makambako, baridi ya Julai ilidai koti na blanketi. Bomba la TAZAMA, la kupeleka mafuta Zambia, lilikamilika 1968. Lami ikafuata miaka ya 1970.